MAUA NAYO YANA UKOO: Jinsi Alama za Vinasaba Zinavyotambua Ua la Usambara



Siku hizi neno DNA limefika mpaka vijijini. Tunalisikia redioni. Tunalisikia barazani, pale watu wawili wanapogombania mtoto. Huyu anasema, "Mtoto ni wangu." Yule anasema, "Si wako." Mwisho wanaambiwa wakapime DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ubishi unakwisha.

Lakini je, unajua kwamba hata maua hupimwa DNA? Pengine utacheka. Utasema, "Ebo! Ua nalo lina kesi gani?" Subiri kidogo. Leo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyotambua ukoo wa ua. Tutatumia ua moja tu kama mfano, nalo ni ua la kwetu. Mwisho tutaona kwa nini jambo hili linamhusu mtu anayeishi karibu na msitu.

UA LILILOTOKA KWETU

Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, kuna ua dogo la rangi ya urujuani. Huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, ndani ya msitu. Majani yake ni mviringo na yana manyoya laini. Mtu anaweza kupita hapo kila siku na mzigo wake wa kuni asiligeukie hata mara moja.

Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika katika vitabu vya sayansi na kulipa jina Saintpaulia ionantha. Jina hilo lilitokana na ukoo wa yule mtawala. Lakini Wajerumani wa kawaida mpaka leo huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Hivyo jina la milima yetu lipo katika nyumba za watu wa mbali ambao hawajapata kuiona.

Mwaka 1927 kampuni moja ya bustani huko Los Angeles, Marekani, ilinunua mbegu za ua hili kutoka Ujerumani na Uingereza. Katika miche iliyoota, walichagua aina kumi tu zilizowapendeza. Aina nyingi sana zinazouzwa madukani leo zina asili katika aina zile kumi. Siku hizi ua la Usambara ni mojawapo ya maua ya mapambo yanayopandwa sana ndani ya nyumba, huko Ulaya na Amerika.

Huko ughaibuni yapo meupe, mekundu, ya buluu, yenye petali nyingi na yenye kingo zilizojikunja. Ukiyaona utasema ni maua ya koo mbalimbali. Kumbe mengi ni ndugu wa karibu! Na huku kwetu msituni, maua mawili yanayofanana kama mapacha yanaweza kuwa yametengana kwa maelfu ya miaka. Basi macho peke yake hayatoshi. Ndiyo maana tunahitaji alama za vinasaba.

KIJITI NA MBEGU

Hebu tuanze na jambo ambalo kila mkulima analijua.

Ukipanda mihogo, unakata kijiti cha shina na kukifukia ardhini. Muhogo utakaoota ni uleule wa zamani, haubadiliki. Ukipanda kwa mbegu, mambo ni mengine. Mbegu ina mama na ina baba. Mche utakaoota unafanana kidogo na huyu na kidogo na yule, kama watoto wetu.

Ua la Usambara nalo lina njia hizo mbili. Msituni, wadudu hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na mbegu zinapatikana. Lakini wauza maua hutumia jani. Wanakata jani moja, wanalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya muda miche midogo inachipua chini ya kikonyo chake. Miche yote hiyo ni nakala ya mama. Wanaweza kupata miche elfu moja, lakini kwa hesabu ya ukoo ni mmea mmoja tu.

Je, kuna ubaya gani? Wakulima wa mihogo wanajua. Kijiji kizima kikipanda vijiti vya mbegu ya aina moja, na mbegu hiyo ikawa haivumilii batobato, ugonjwa ukiingia hauchagui shamba. Pale penye tofauti, mimea mingine hufa na mingine husalia. Tofauti ni akiba.

KITABU CHA HERUFI NNE

Tofauti hiyo imeandikwa wapi?

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Havionekani kwa macho matupu. Ndani ya seli kuna nyuzi ndefu, nyembamba mno. Nyuzi hizo ndizo vinasaba, na wataalamu huziita DNA. Zimebeba maagizo yote ya mwili: jani liwe na manyoya, ua liwe la urujuani, shina liwe fupi.

Wewe uliyehitimu kisomo unajua kwamba Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zaidi ya ishirini. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kila herufi inasimama badala ya kemikali moja. Herufi hizo nne zimepangwa moja baada ya nyingine, mamilioni kwa mamilioni. Ni kitabu kikubwa kuliko vyote ulivyopata kusoma.

Kila mmea unaotokana na mbegu una nakala mbili za kitabu hicho. Moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Kwa hiyo ukitaka kujua ukoo wa ua, soma kitabu chake.

ALAMA NI NINI?

Zamani, kusoma kitabu kizima ilikuwa kazi ya miaka na fedha nyingi. Siku hizi imekuwa rahisi zaidi. Lakini kama una majani mia tatu ya kupambanua, si lazima usome yote tangu mwanzo hadi mwisho. Inatosha kufungua kurasa chache, zile ambazo maua hutofautiana. Kurasa hizo ndizo alama za vinasaba.

Wafugaji wanaelewa jambo hili. Ng'ombe mia wakichanganyika malishoni, huhitaji kumkagua kila ng'ombe kuanzia pembe mpaka kwato. Unatazama chapa tu. Lakini chapa ya ng'ombe huwekwa na mtu kwa chuma cha moto. Alama ya vinasaba kiumbe huzaliwa nayo.

Zipo alama za namna nyingi. Leo tutaeleza moja, iitwayo marudio mafupi. Mahali fulani katika kitabu, herufi chache hurudiwarudiwa bila kukoma, kama mtoto anayejifunza kusoma:

GA GA GA GA GA

Ua moja linaweza kuwa na GA mara tano. Jingine mara nane. Jingine mara kumi na mbili. Mahali hapo hubadilika upesi kuliko mahali pengine katika kitabu. Kwa hiyo panafaa sana kupambanua hata maua ya ukoo mmoja.

JINSI ALAMA INAVYOTENGENEZWA

Sasa tuingie maabara. Tufuate hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: kukusanya majani. Mtaalamu huenda msituni na kukata kipande kidogo cha jani, kama ukucha wa kidole gumba. Hang'oi mmea. Kila kipande kinatiwa katika mfuko wake pamoja na chembechembe zinazofyonza maji, kikauke upesi kisioze. Juu ya mfuko anaandika mahali, tarehe na namba. Asipoandika, kazi yote imepotea. Hapa tunaona tena faida ya kujua kuandika!

Hatua ya pili: kutoa vinasaba. Jani linasagwa. Linatiwa katika maji ya moto kiasi yenye chumvi na kitu kama sabuni, ili seli zipasuke. Uchafu unaondolewa. Kisha inatiwa spiriti, na vinasaba vinajitenga na maji. Vikiwa vingi huonekana kama uzi mweupe, mfano wa ute.

Hatua ya tatu: kutafuta marudio. Kwa ua moja au mawili, mashine husoma sehemu kubwa ya kitabu. Kompyuta inatafuta mahali herufi zinapojirudia.

Hatua ya nne: kutengeneza vianzio. Kianzio ni kipande kifupi cha vinasaba, kama herufi ishirini hivi, kilichotengenezwa na watu. Vianzio viwili hutumika, kimoja upande huu wa marudio na kimoja upande ule. Kazi yao ni kama vigingi viwili vya mpaka wa shamba. Vinasema: anzia hapa, ishia pale.

Hatua ya tano: kunakili. Sehemu iliyo kati ya vigingi ni ndogo mno, haipimiki. Kwa hiyo inanakiliwa katika mashine. Mashine inapasha moto hadi nyuzi joto 95 hivi, inapoza, kisha inapasha tena. Kila mzunguko, nakala zinakuwa maradufu: 1, 2, 4, 8, 16. Baada ya mizunguko 30, kwa hesabu, nakala moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Njia hii iligunduliwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Hatua ya sita: kupima urefu. Nakala zinapitishwa katika kitu laini kama jeli, na umeme unazivuta. Kipande kifupi hupenya upesi na kufika mbali. Kirefu hubaki nyuma. Ndivyo tunavyojua GA zilikuwa ngapi.

Hatua ya saba: kujaribu na kuchambua. Alama inajaribiwa kwa maua ya mahali mbalimbali. Kama maua yote yanatoa jibu moja, alama hiyo haifai. Ni sawa na ng'ombe wote wa wilaya kuwa na chapa moja. Kama majibu yanakuja na kuyumba, haifai pia. Nyingi hutupwa. Chache zinazobaki, zenye jibu safi na zenye kutofautiana, ndizo zinazotumika.

TUPIGE HESABU

Huu ni mfano wa darasani tu. Kumbuka: kila mmea una nakala mbili, kwa hiyo una namba mbili za GA. Mtoto hupata namba moja kwa mama na moja kwa baba.

Ua lililotoa mbegu (mama): 4 na 7
Mche wa kwanza: 7 na 9
Mche wa pili: 4 na 7
Ua la jirani A: 5 na 9
Ua la jirani B: 6 na 8

Tazama mche wa kwanza. Ile 7 imetoka kwa mama. Basi 9 imetoka kwa baba. Ua B halina 9, kwa hiyo B si baba. Ua A lina 9. Je, A ndilo baba? Inawezekana, lakini alama moja haitoshi. Pengine kuna ua jingine bondeni lenye 9 pia. Ndiyo sababu wataalamu hutumia alama nyingi kwa pamoja, pengine kumi au zaidi.

Na mche wa pili je? Tutakuachia swali hilo mwishoni.

WAMEONA NINI?

Mwaka 1997 wataalamu Michael Möller na Quentin Cronk walichapisha kazi yao juu ya vinasaba vya maua haya. Waliona kwamba Saintpaulia si ukoo wa peke yake. Ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo mkubwa zaidi uitwao Streptocarpus. Mwaka 2015 wataalamu waliyaingiza rasmi maua yote haya katika ukoo huo mkubwa.

Jambo la pili. Zamani wataalamu walihesabu aina 20 hivi, wakitazama manyoya ya majani na umbo la tunda. Kwa vinasaba, maua mengi ya Usambara na ya mwambao yalionekana kuwa ndugu wa karibu mno, ingawa yalipewa majina mbalimbali. Lakini lile la milima ya Uluguru, liitwalo goetzeana, lilionekana kuwa mbali nao. Katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki cha mwaka 2006, zile aina 20 zilipunguzwa zikawa 6, na nyingi zikawa matawi ya aina moja.

Kwa sababu maua ya Usambara yalikuwa karibu hivyo, alama za mwanzo hazikutosha kuyapambanua. Ndipo zikahitajika alama zinazobadilika upesi, kama yale marudio mafupi.

Jambo la tatu linahusu kuzaana ndugu kwa ndugu. Msitu ukikatwa vipande vipande, maua ya kipande hiki hayapati tena chavua ya kipande kile. Yanabaki yakioana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2010 watafiti kutoka Ufini walichapisha kazi yao juu ya tatizo hilo katika maua ya Usambara Mashariki. Wafugaji wanajua madhara yake: dume mmoja akibaki zizini miaka mingi akipanda watoto wake, ndama wanadhoofika.

YATUHUSU NINI SISI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Maua ya jamii hii huota yenyewe Tanzania na Kenya tu. Huko Kenya yapo Kilifi na katika milima ya Taita. Aina iitwayo teitensis hupatikana katika kilima kimoja tu duniani, Mbololo. Kwa hiyo yale mamilioni ya vyungu vya Ulaya na Amerika si akiba. Ni nakala za wachache waliochaguliwa. Akiba yenyewe ipo huku, kwenye miamba yetu.

Ugonjwa mpya ukivamia maua ya vyunguni, mtu atatafuta dawa wapi? Atarudi kwa ndugu zao wa msituni, akatafute mmoja anayevumilia. Akimkuta, vizuri. Akikuta jiwe kavu lililopigwa na jua, hana la kufanya.

Ua hili haliishi bila kivuli. Miti ikikatwa, jua linaingia, mwamba unakauka, ua linakufa. Hata kufyeka chini ya miti ili kupanda iliki huliathiri. Hatusemi haya ili kumlaumu mkulima wa iliki. Naye ana watoto na ana mahitaji. Lakini alama za vinasaba zinaweza kutusaidia sote. Bila alama, mtu atasema tuhifadhi kila kitu, na mwingine atasema yote ni mamoja, tukate. Kwa alama, tunaweza kuonyesha kwamba mwamba ule pale una maua ambayo hayana mfano mahali pengine, basi hapo tuache. Na kwamba kipande hiki na kile viunganishwe kwa miti, ili wadudu wapite na chavua.

Kuna jambo jingine, nalo ni haki. Ua lilipoondoka mwaka 1892, wenyeji hawakuwa na sheria ya kimataifa ya kuwalinda. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1992, mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazili, yakakubaliana juu ya Mkataba wa Bioanuwai. Mkataba huo unasema kila nchi ina mamlaka juu ya mali yake ya vinasaba. Anayeitaka apate ridhaa kwanza, na faida igawanywe kwa haki. Mkataba haurudi nyuma kudai yaliyochukuliwa zamani. Lakini yaliyobaki ni yetu kuyalinda.

Basi, mgeni akija kijijini kuchukua majani, tusimfukuze, wala tusimwachie tu kama kipofu. Tumkaribishe, kisha tumwombe vibali. Hapa Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Apite kwa ofisa mtendaji na kwa ofisi ya misitu. Tumwulize: Unachukua vipande vingapi? Unavipeleka wapi? Tutaletewa majibu lini? Sasa unajua kwamba kwa kupima vinasaba kipande cha ukucha kinatosha. Ukimwona mtu anang'oa mimea mizima na kujaza gunia, hapo una haki ya kuuliza zaidi.

Kujua kusoma si kusoma herufi tu. Ni kusoma pia karatasi anayoishika mgeni.

MANENO MAPYA

Alama za vinasaba: sehemu za vinasaba zinazotofautiana, zinazotumika kutambua ukoo.
Chavua: unga wa ua unaowezesha mbegu kupatikana.
Kianzio: kipande kifupi cha vinasaba kinachoonyesha mahali pa kuanza kunakili.
Marudio mafupi: mahali ambapo herufi chache za vinasaba hurudiwa mara nyingi.
Seli: chumba kidogo kinachojenga mwili wa kiumbe.
Vinasaba: nyuzi zenye maagizo ya mwili ambayo kiumbe hurithi kwa wazazi. Huitwa pia DNA.

MASWALI

1. Ua la Usambara lilipelekwa Ujerumani mwaka gani?
2. Kwa nini miche elfu iliyotokana na majani ya mmea mmoja huhesabiwa kuwa mmea mmoja?
3. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi ngapi? Zitaje.
4. Kwa nini alama inayotoa jibu moja kwa maua yote haifai?
5. Katika hesabu yetu, mche wa pili una 4 na 7, sawasawa na mama. Unadhani mche huo ulitokana na nini?

KAZI YA KIKUNDI

Chukueni daftari. Tembeleeni mashamba matatu ya mihogo kijijini. Mwulizeni kila mwenye shamba alipata wapi vijiti vyake. Andikeni. Mkirudi, chunguzeni: Je, kijiji chenu kina mbegu ngapi tofauti? Ugonjwa ukiingia leo, akiba yenu iko shamba gani?

Jibu la swali la 5: Inaelekea ulitokana na jani la mama, si na mbegu. Lakini kwa kuwa tumetumia alama moja tu, tungepima na nyingine kabla ya kukata shauri.

Kwa herini, ndugu wasomaji. Tukutane katika toleo lijalo. Elimu haina mwisho.